Sura ya Nne Kabla ya Sura ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha pale koridoni, faili la yule binti liko kifuani kwangu, wajumbe wanaingia mmojammoja kuwahi chai. Leo tunaingia nao. Ila nawaonya mapema: kama unasoma huku unakula, weka sahani pembeni.

Kwa ambaye hakunisoma, mimi ni karani wa kamati ya nidhamu ya chuo. Miaka kumi na moja sasa. Wanafunzi wananiita Mama Mhuri, na mimi jina hilo nililipenda, sitawadanganya. Nilikuwa najisifu mbele za watu kwamba katika ofisi yangu haijawahi kupotea hata karatasi moja.

Binti mwenyewe ni wa mwaka wa pili, anasomea maabara, miwani mikubwa, maneno machache. Ijumaa alikuja ofisini kwangu akasema Nahodha wa timu ya mpira amembaka siku ya sherehe ya ushindi. Nikampa kiti. Nikampa maji. Nikamwambia, "Mwanangu, sema yote, usifiche hata moja, mimi nitaandika."

Akasema yote. Akasema hata kwamba siku ile alikunywa vikombe viwili vya juisi nyekundu iliyokuwa kwenye ndoo, na kwamba alijua ina pombe.

Nikaandika. Kwa mwandiko mzuri kabisa, nukta na mkato mahali pake. Na hapo ndipo nilipommaliza mtoto wa watu.

Maana kanuni zetu za mwenendo zina sentensi moja hivi: mwanafunzi akikiri kwa maandishi kutumia kileo, karani afungue faili chini ya Sura ya Nne. Basi nikafungua faili. Malalamiko yake yakawa Sura ya Saba, yeye mwenyewe akawa Sura ya Nne. Nilijiambia ni taratibu za karatasi tu, kamati itaelewa.

Kamati ielewe! Ngojeni.

Jumanne saa nne asubuhi tukaketi. Mwenyekiti ni mwalimu mzee ambaye tangu nimjue hajawahi kutoa kijiti cha meno mdomoni, kwa hiyo moyoni namwita Kijiti. Kulia kwake alikaa Mlezi wa wanafunzi, mama mmoja wa sauti laini, kazi yake kuwatetea wanafunzi, na sijawahi kumwona akimtetea yeyote. Kisha wajumbe watatu ambao kazi yao ni kuinua mikono.

Upande wa pili wa meza, binti peke yake. Kanuni inamruhusu kuja na mzazi, lakini nyumbani kwao hawajui. Mbele yake alikaa Nahodha, shati limepigwa pasi, na mjomba wake pembeni. Mjomba huyo ni mjumbe wa Baraza la chuo. Alikuja kama mzazi, akakaribishwa chai kama mwenye nyumba.

"Karani, tunaanzia wapi?" akauliza Kijiti.

Nikasoma ajenda kama ninavyoisoma siku zote. "Sura ya Nne, vileo, shauri moja. Sura ya Saba, ukatili wa kingono, shauri moja."

"Sura ya Nne ni nani?"

"Ni yuleyule mlalamikaji wa Sura ya Saba, Mwenyekiti."

"Aha." Akavuta maelezo ya binti mbele yake, akalamba kidole, akafunua ukurasa. Akalamba tena, akafunua tena. Maneno yale binti aliyatoa akilia, anasimama, anaanza upya, na sasa yalikuwa yanapata mate ya mzee yule ukurasa kwa ukurasa, makombo ya biskuti yakiyadondokea.

"Binti, hapa inasema ulikunywa juisi yenye pombe. Kweli?"

"Kweli. Lakini baadaye yeye—"

"Vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Vikubwa au vidogo?"

Binti akamtazama. "Vya plastiki."

"Nimeuliza vikubwa au vidogo."

"Vya kawaida, mwalimu."

"Vya kawaida." Kijiti akanigeukia. "Karani, andika: viwili, vya kawaida."

Nikaandika. Haki ya Mungu, niliandika.

Mlezi akainama mbele na ile sauti yake ya kumbembeleza mtoto mchanga. "Mwanangu, nyumbani wanajua kwamba unakunywa?"

"Hawajui. Hata hilo lingine hawajui."

"Lipi, mwanangu?"

"Kwamba nimebakwa."

Mjumbe mmoja alikuwa anatafuna biskuti akaacha kutafuna, shavu limejaa.

"Hilo liko Sura ya Saba," akasema Kijiti. "Hatujafika."

Nisikilizeni vizuri hapo. Hatujafika! Kama vile ubakaji ni kituo cha mbele, watu wateremke kwanza.

"Lakini na yeye alikunywa," binti akasema, akimnyooshea kidole Nahodha. "Yeye ndiye aliyekuwa anachota kwenye ndoo. Yeye ndiye aliyenipa kikombe."

"Karani, maelezo ya mlalamikiwa yanasemaje?"

Maelezo ya Nahodha yalikuwa mistari mitatu. Nikasoma. "Sikumlazimisha. Yeye alikuwa amelewa. Zaidi ya hapo sikumbuki."

"Kuna mahali ameandika kwamba alikunywa?"

"Hakuna."

"Basi hajakiri. Hatuna shauri lake."

"Hakumbuki," binti akasema polepole, "lakini anakumbuka kwamba hakunilazimisha?"

Mjomba akacheka. Kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyesikia mtoto akisema jambo la kuchekesha sebuleni. Nahodha akaangalia viatu vyake, na nilimwona pembe ya mdomo inapanda.

Mikono mitatu ikainuka. Binti ana hatia ya Sura ya Nne, anasimamishwa masomo mwaka mmoja, aondoke bwenini kesho kabla ya saa sita mchana. Niliangalia saa ya ukutani. Tulikuwa tumetumia dakika tisa.

"Sasa Sura ya Saba," akasema Kijiti. Akalamba kidole, akafungua kitabu cha kanuni. "Kifungu cha kwanza. Mwanafunzi halali yeyote anaweza kuwasilisha malalamiko. Mwanafunzi halali. Binti, kuanzia dakika hii wewe umesimamishwa, si mwanafunzi halali. Malalamiko hayana mlalamikaji."

"Lakini niko hapa," binti akasema.

"Karani, andika: shauri limefungwa, mlalamikaji hayupo."

Jamani. Mtoto amekaa mita moja kutoka kwenye kalamu yangu, namsikia anavyopumua, na mimi naambiwa niandike hayupo.

"Tupumzike kidogo, tukirudi tutie saini," akasema Kijiti. Mjomba akamsogezea Nahodha sahani ya biskuti. "Kula, baba, hujala tangu asubuhi." Nahodha akachukua mbili.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Kichefuchefu kilinipanda hadi kooni, nikakimeza. Binti akanifuata. Nilidhani atalia, au atanitukana, na ningemshukuru kwa tusi lolote. Hakufanya hivyo. Aliuliza swali, kama wanavyouliza watu wa maabara.

"Mama, nani alipanga Sura ya Nne isikilizwe kwanza?"

"Ndio utaratibu, mwanangu."

"Najua. Umeandikwa wapi? Nimekisoma kitabu chote jana, sikuuona."

Hapa ndipo penye aibu yangu, na ndiyo sababu naandika gazetini badala ya kwenda kujificha.

Haukuandikwa popote. Utaratibu ule ni wangu mimi.

Nilipoajiriwa nilikuta mafaili yamerundikwa sakafuni. Nikaomba makabati mawili ya chuma, kila moja droo nne, kila sura ya kanuni nikaipa droo yake. Ikija siku ya kikao nilianza kutoa mafaili droo za juu nikishuka chini, ajenda ikafuata hivyo hivyo. Sura ya Nne, kwa kuwa mafaili yake ni mengi, niliiweka kabati la kushoto, droo ya juu, mbele ya mlango. Sura ya Saba ilikuwa kabati la kulia, droo ya tatu, nyuma ya mlango, na lazima uiname. Mgongo wangu unauma. Nilikuwa naiacha mwisho kwa sababu ya mgongo.

Hiyo ndiyo sheria iliyomfukuza binti wa watu chuoni. Kiuno changu.

"Mama?" akasema.

"Nisubiri hapa," nikamwambia. "Usiende popote."

Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya droo ya Sura ya Saba. Swali lake lilikuwa limeniamshia swali la kwangu. Kama yeye ameanguka kwenye shimo hilo, wa kwanza ni yeye?

Mafaili yetu yana namba za usajili tu kwa nje, majina yako ndani, eti kulinda siri. Nikachukua namba za droo ya Sura ya Saba, nikazitafuta moja moja kwenye droo ya Sura ya Nne. Nikapata namba iliyo kote kuwili. Nikapata ya pili. Ya tatu. Kila moja, kwenye jalada la Sura ya Nne, kasimamishwa au kafukuzwa. Kila moja, kwenye jalada la Sura ya Saba, maneno yaleyale kwa mwandiko wangu mzuri: shauri limefungwa, mlalamikaji hayupo.

Ya nne nikaifungua. Ndani ya faili la Sura ya Nne kulikuwa na jina la mdogo wangu.

Huyu mdogo wangu nimemlea mimi. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka minane, nikamsomesha hadi akaingia chuo hiki hiki ninachofanyia kazi. Alikuwa akilala kwangu. Jumatatu moja, miaka sita iliyopita, mlinzi alileta ripoti ofisini: mwanafunzi kakutwa alfajiri nje ya bweni la wanaume, ananuka pombe, viatu hana. Nikasoma jina. Nilihisi ardhi inanimeza kwa aibu. Karani wa nidhamu, mdogo wake mlevi! Jioni ileile nilimfukuza nyumbani. Alhamisi shauri lake lilipoitwa nilitoka nje ya kikao, kama kanuni inavyomtaka ndugu atoke, na nilijiona mwadilifu kweli kweli.

Hatujaongea tangu hapo.

Nikarudi droo ya Sura ya Saba, kwenye namba ileile. Kulikuwa na bahasha. Siku hizo mlalamikaji aliandika mwenyewe, akaitumbukiza kwenye sanduku la mlangoni pangu. Mimi nilikuwa nazitoa, nagonga mhuri, naweka kwenye droo hadi siku ya kikao. Nje ilikuwa na namba tu. Na mhuri wangu, na tarehe ya Jumatatu ileile, na herufi zangu mbili za mwanzo.

Pini ya stepla ilikuwa bado mahali pake. Ilikuwa na kutu. Hakuna binadamu aliyeifungua bahasha ile.

Niling'oa pini kwa kucha. Mwandiko wa mdogo wangu, herufi zake zinazolala upande. Ukurasa mmoja na nusu. Sitauandika hapa, si wangu. Niseme tu kwamba kulikuwa na sherehe, kulikuwa na kinywaji, kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ofisi yake, na kulikuwa na kuamka mahali asipopajua. Na yeye aliandika ukweli wote. Na yeye aliandika kwamba alikunywa.

Nilitapika kwenye ndoo ya taka. Safari hii sikuweza kumeza.

Mlango ukagongwa. "Karani!" sauti ya Mlezi, laini kama kawaida. "Tunakusubiri kwa saini, mwaya."

Nikafuta mdomo, nikarudi ndani. Binti akaingia nyuma yangu bila kuitwa.

"Wewe umeshamaliza," Kijiti akamwambia.

"Akae," nikasema mimi.

Miaka kumi na moja sijawahi kufungua mdomo kwenye kikao ila kusoma. Wale watatu wa kuinua mikono walinitazama kama kabati ndilo limesema.

"Mwenyekiti, hukumu ya leo ni batili. Sura ya Nne haipaswi kutangulia. Hakuna kifungu kinachosema hivyo. Utaratibu huo niliupanga mimi, kwa sababu ya droo."

"Droo?"

"Droo za mafaili. Naanza za juu kwa sababu mgongo unaniuma."

Mjomba akageuka na kiti chake kizima. "Huyu mama anaumwa?"

"Siumwi, bwana. Kama shauri la Sura ya Saba lingesikilizwa kwanza, binti alikuwa mwanafunzi halali. Alikuwa na haki ya kusikilizwa. Tumemvua uanafunzi kwanza ili tusimsikilize."

"Hatukufanya *ili*," Mlezi akasema upesi. "Ilitokea tu."

"Imetokea mara ngapi, Mama Mlezi?"

Kijiti akahamisha kijiti chake kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine. "Karani, jambo likifanyika miaka kumi na moja, halina haja ya kuandikwa. Limekuwa kanuni."

"Hata kama lilianza kwa kosa?"

"Hasa hapo. Tukianza kufukua, tutafukua mangapi?"

Na mwenyewe hakuona alichosema! Nilimtazama nikajua kwamba anajua. Si idadi yake, lakini anajua mashauri mengine yapo.

Mlezi akaingilia, mikono ameikunja mezani. "Jamani, tusaidiane. Sisi sote ni wazazi. Mtoto aondoe hayo malalamiko ya Sura ya Saba, na sisi ile ya Nne tuigeuze onyo la mdomo. Kesho yuko darasani. Hakuna anayeumia."

Wote tukamgeukia binti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Nikiondoa, yeye atabaki hapa chuoni?"

"Mtaonana kwa nadra sana, mwanangu."

"Tunakula ukumbi mmoja. Mara tatu kwa siku."

"Basi wewe utakuwa unakula mapema," akasema Mlezi wa wanafunzi.

Nimesikia mengi katika chumba kile. Nimesikia matusi, nimesikia uongo wa kila rangi. Lakini sijawahi kusikia uchafu unaotolewa kwa upole vile. Mama mzima, ana mabinti wawili, anapanga ratiba ya chakula ya aliyebakwa ili mbakaji asisumbuke kula.

"Sitaondoa," binti akasema.

"Fikiria vizuri. Mwaka mzima—"

"Na ile pombe msiifute. Nilikunywa. Iacheni kama nilivyosema, na nililosema baada ya hapo lisikilizwe."

Nahodha kwa mara ya kwanza akafungua mdomo. "Anko, twende."

"Kaa," mjomba akamwambia. Kisha kwa Kijiti, "Mwenyekiti, tia saini. Kikao cha Baraza ni Ijumaa. Na kuhusu watumishi wanaopanga kanuni kwa viuno vyao, tutaongea hukohuko."

Nikaelewa. Ajira yangu ilikuwa imeshatajwa. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Kinyaa kikizidi, hofu inakosa pa kukaa.

Kijiti alichukua kalamu, akaifungua, akaniangalia. Ni mtu wa vifungu yule, na nafikiri ndani yake kuna kitu kinachomkera shauri likikaa vibaya kwenye karatasi. Au labda alitaka kunidhihaki tu. Alisema hivi:

"Karani, shauri moja haliwi kasoro ya utaratibu. Moja ni lalamiko. Kwa kosa la utaratibu, kifungu cha mwisho kinataka angalau mashauri mawili. Niletee mwingine aliyeadhibiwa kwa Sura ya Nne na Sura ya Saba yake ikafungwa hivi. Si faili. Faili uliliandika wewe. Mtu mwenyewe, asimame hapa, aseme kwa mdomo wake. Kesho saa tatu asubuhi. Akija, nafungua yote. Asipokuja, natia saini, binti anaondoka."

Alijua hakuna atakayekuja. Nani mwenye akili timamu atarudi kwenye chumba kile?

"Yupo," nikasema.

"Nani?"

"Yupo, Mwenyekiti."

Mlezi akanitazama sana. Yeye alikuwepo Alhamisi ile, miaka sita iliyopita, wakati mimi nimetoka nje. Nikaona jinsi rangi ilivyomtoka usoni taratibu.

Koridoni binti akanishika mkono. "Mama, ni kweli yupo?"

"Yupo."

"Atakuja?"

"Nenda kapumzike, mwanangu." Niseme nini tena?

Wale wengine watatu sikuwa na namna ya kuwapata; anwani zao ziko kwa msajili na msajili ni rafiki wa mjomba. Nilikuwa na mmoja tu. Na hata namba yake ya simu sikuwa nayo. Ikabidi nimpigie mama mdogo, maana yeye ndiye aliyebaki kuwa daraja baina yetu.

"Namba yake ya nini?" mama mdogo akauliza. "Umekumbuka leo kwamba una mdogo wako?"

"Mama mdogo, nakuomba."

"Akinuna asije kusema nimekupa mimi namba. Maana huyo naye ana kiburi chenu."

"Hatasema."

"Na usimlize. Nakujua wewe mdomo wako."

Akanitajia. Nikaiandika kwenye kiganja, mimi ninayedai sipotezi karatasi.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nikajifungia kwenye stoo ya vifaa, katikati ya boksi za karatasi na wino, upande wa pili wa ukuta ikiwa ofisi ya Mlezi. Simu ikaita. Ikaita hadi nikakaribia kuomba isipokelewe.

"Nani?"

Sauti yake imekuwa nzito. Nyuma yake kulikuwa na cherehani inanguruma.

"Ni mimi."

Cherehani ikanyamaza. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Sasa?"

"Mdogo wangu." Nikakwama, nikaanza tena. "Leo nimefungua bahasha yako."

"Bahasha gani?"

"Ile uliyoweka kwenye sanduku langu. Chuoni."

Nikaitoa simu sikioni nikaiangalia, nikidhani amekata. Dakika zilikuwa bado zinahesabiwa.

"Leo?" akasema.

"Leo asubuhi. Ilikuwa haijafunguliwa, pini ilikuwa bado—"

"Leo ndiyo umeisoma?"

"Ndiyo."

Nilisikia kiti kikivutwa, nikasikia anakaa. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya yule mtoto wa miaka minane.

"Dada, ile bahasha nilikuandikia wewe. Sikuwa na haja na kamati yenu. Kukwambia kwa mdomo niliona aibu, nikasema nitaiweka kwenye sanduku lake, ni yeye anayetoa, atasoma, na jioni nikifika nyumbani nitamkuta ameshajua, sitahitaji kusema kitu. Nikafika jioni. Nikakuta begi langu nje ya mlango, na mlango umefungwa kwa ndani."

Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

"Miaka sita," akasema, "mimi nimekaa nikijua kwamba ulisoma."

Akaanza kulia. Na mimi nikaziba mdomo kwa kiganja kile chenye namba yake, Mlezi asinisikie ukutani, nikalia naye. Bwenini yule binti alikuwa anakunja nguo zake. Kijiti alikuwa anasubiri saa tatu ya kesho. Na mdogo wangu alikuwa bado hajui kwamba sikumpigia ili kumwomba radhi, nimempigia kwa sababu namhitaji aje asimame mbele ya watu walewale.